Mvinyo wa Mwaka wa Moshi

"Bado uko naye?"

"Niko naye."

"Usimkaribie mno. Ana vioo vikubwa."

Kaimu alikuwa amejibanza nyuma ya basi la wanafunzi, juu ya pikipiki ya BMW ambayo Idara ya upelelezi ilikuwa imeipaka rangi ya vumbi makusudi. Mbele ya basi kulikuwa na lori jeupe lililosheheni makasha ya mvinyo. Baadhi ya makasha hayo yalikuwa na mvinyo kweli. Mengine yalibeba vichwa vya makombora ya kufyatulia begani, yale yanayodungua ndege ikiwa ndiyo kwanza inainua pua, na jioni hiyo yalitakiwa yawe yamevuka mpaka.

Lori likakata kushoto.

Pikipiki nayo ikakata kushoto.

Kazini walimwita Kaimu kwa sababu alikuwa amekaimu ukuu wa kitengo chake muda mrefu kiasi kwamba hata wafagizi walikuwa wameacha kumuuliza atathibitishwa lini. Sauti ya redioni ilikuwa ya Sikio, mwanamke mwenye masikio ya ajabu na maneno machache, aliyekuwa akiendesha Land Cruiser mtaa wa pili pamoja na askari wenye silaha. Walikuwa wamefanya kazi pamoja hadi hawahitaji tena kusalimiana.

Simu ikalia ndani ya helmeti. Namba haikujulikana.

"Kitinda," sauti ya kiume ilisema taratibu. "Dada yako anakusalimu."

Nusura Kaimu aivae nguzo ya taa.

Alisimamisha pikipiki mbele ya gereji. Lori likaenda zake. Redioni Sikio aliuliza kulikoni, akauliza tena.

Dada yake ndiye aliyemlea, mama akishinda shambani. Mama yao alipofariki, Kaimu akiwa tayari ameanza kazi, dada alirithi shamba la mizabibu ya Syrah kwenye mteremko wa mawe, pamoja na mdogo wake kama nyongeza, hivyo ndivyo alivyopenda kuwaambia wageni. Alitengeneza mvinyo kwa njia ya asili: zabibu, miguu yake mwenyewe, pipa na subira. Hakutia hamira ya dukani, hakutia dawa ya kuhifadhi, hakuchuja. Kisha msimu mmoja wa mavuno, miaka mitatu nyuma, Kaimu alifika akakuta mlango wazi, malapa ya dada yake kizingitini, na zabibu zinachacha kwenye pipa bila mtu wa kuzikoroga. Tangu siku hiyo alikuwa anakula, analala na kwenda kazini, lakini ukimuuliza alikula nini hakumbuki.

Sauti ile ya simu kila mtu wa Idara aliijua kutoka kwenye kanda. Ilikuwa ya mgeni waliyembatiza Kizibo, mfanyabiashara wa silaha aliyejificha nyuma ya duka la mvinyo na ambaye hakuwahi kuvujisha siri hata tone. Alizungumza Kiswahili cha kwenye vitabu, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi, kisicho na utani hata chembe.

Alieleza masharti yake bila papara. Dada yu hai, mahali ambapo hatapataja. Bado anatengeneza mvinyo, maana yule bibi hajui kukaa bure. Kizibo hakuomba asadikiwe kwa mdomo mtupu. Alikuwa na chupa ya mavuno ya mwaka uliopita. Kaimu aje aonje. Akiridhika, atoe neno la kufungua geti la mpakani, kwa kuwa amri ya kukagua malori ilitoka kwenye kitengo chake na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuiondoa. Lori likipita, dada atarudi nyumbani. Lori likiguswa, itapigwa simu moja tu.

"Unaujua mkono wake kuliko mtu yeyote," Kizibo alisema. "Hutadanganyika."

Lililomshika ni lile neno. Kitinda. Yeye alikuwa kitinda mimba kweli, na neno lenyewe lilikuwa la nyumbani kwao, hilo alikuwa na hakika nalo. Kila siku dada alimwita Babu, kwa kuwa alibeba jina la babu yao. Lakini Kitinda alilifahamu pia, alilifahamu sana, ila hakukumbuka lilitumika lini. Hakujisumbua kukumbuka. Alitaka sana liwe limetoka kinywani mwa dada yake, basi likawa limetoka huko.

Alimpigia Mkuu wa Idara, akamweleza yote.

"Kama yu hai, tunaliachia lori. Tutalitafuta huko mbele ya safari," Mkuu alisema. "Kama hayupo, hatuna cha kungoja. Lakini Kaimu, usije ukaonja unachokitaka."

"Nimekuelewa, Mkuu."

"Hujanielewa. Ila nenda."

Wangemnyang'anya redio na simu, hilo lilijulikana. Kilichobaki ni kizibuo. Dada alimpa siku alipoanza kazi, kizibuo cha chuma chenye mabawa mawili, akimwambia kwamba kwenye kazi yake ya siri asikose angalau kitu kimoja cha kufungulia. Fundi wa karakana ya Idara alikuwa amekitia kitumaishara ndani ya mpini, akakitengeneza vizuri hata kikaendelea kuzibua chupa, jambo ambalo si la kawaida kwa vifaa vya Idara. Ukibana kitufe na kufunga mabawa, Sikio anasikia mlio mmoja sikioni. Walikubaliana kwa maneno machache. Mlio mmoja: yu hai, lori lipite. Milio miwili: vamieni.

"Kaimu," Sikio alisema kabla hajazima redio. Halafu akawagawa askari: wengine waende naye dukani, wengine wasiliache lori.

Duka lilikuwa kwenye mtaa wa maseremala. Nje randa zilikuwa zikipiga kelele na mchana ulikuwa mweupe, lakini ukishuka ngazi za mawe unakuta chumba cha baridi, meza yenye kitambaa cheupe, glasi mbili na rafu hadi darini. Mlinzi, pande la mtu linalotafuna ubani wa dukani, alimpekua. Alitwaa bastola yake ya Glock. Alitwaa simu, redio, hata helmeti. Alipofikia kizibuo akaanza kukichezea mabawa.

"Hicho cha dada," Kaimu alisema.

Kizibo aliashiria kirudishwe. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye miwani ya mkufu na mikono laini yenye vidole gumba vipana. Alivuta kiti, akamkaribisha Kaimu kama mwenyeji anayemkaribisha mkwe, kisha akaisogeza chupa katikati ya meza.

"Fungua wewe," alisema. "Hiyo ni haki yako."

Kaimu aliitazama nta kwanza. Dada alichovya shingo za chupa zake kwenye nta ya nyuki, na kabla haijaganda akaibonyeza kwa kidole gumba, huku akilalamika kwamba inaunguza. Kidole hicho kilikuwa na kovu la mkasi wa kupogolea, limekata katikati. Alama iliyokuwa mbele yake ilikuwa pana na laini, haina kovu.

Pengine siku hizi wanamwekea mtu wa kumsaidia, alijiambia.

Alizibua. Kizibo cha chupa kilikuwa kipya, kimelowa rangi kidogo tu upande wa chini, kama cha mvinyo wa juzijuzi. Moyo wake ukaruka. Akamimina. Moyo ukatua tena.

Maana Syrah changa ni nyeusi kwa zambarau, inatia doa hata macho. Hii ilikuwa nyekundu iliyochoka, na pale ukingoni, alipoinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, rangi yake ilikuwa ya tofali. Mashapo yalizunguka chini, meusi, mazito, ya kukaa miaka.

Hachuji, alijiambia. Hatii dawa. Wakiusafirisha juani, mvinyo wa namna hiyo huzeeka upesi.

"Kuna tatizo?" Kizibo aliuliza.

"Unatakiwa upumue kwanza," Kaimu alijibu. "Dada hapendi haraka."

Aliinusa glasi. Mwanzoni ulinuka kama banda la farasi, na hapo hakushtuka, mvinyo wa dada siku zote uliamka na hasira. Alingoja. Ikaja pilipili manga. Aliishika hiyo pilipili kwa matumaini yake yote, kwani hata mvinyo mchanga huwa nayo. Kisha pilipili ikasogea, na nyuma yake yakaja majani makavu, ngozi ya mkanda wa zamani, zeituni nyeusi. Alitafuta zabibu mbichi, zile zinazonukia kama maua ya asubuhi. Hazikuwepo. Zilikuwa zimeshaondoka zamani.

Kadiri harufu ilivyozidi kuwa nzuri, ndivyo habari zilivyozidi kuwa mbaya.

Akauomba mvinyo ule uwe mbaya. Hakuwahi kuomba kitu kama hicho maishani mwake. Aliomba ukakasi, ule ukakasi wa mvinyo wa mwaka mmoja unaokausha fizi na kukukunja uso. Aliomba uchachu. Aliomba vipovu vidogo ulimini, vile ambavyo dada alivicheka akisema mvinyo bado unajifunza kutembea. Mlinzi alitafuna ubani. Kizibo aliweka mikono mezani.

Kaimu akanywa.

Ulikuwa laini. Ulipita ulimini kama mtu anayeijua nyumba, usigonge popote. Akaushikilia mdomoni, akaumeza, akangoja mwisho wake, na mwisho ulipokuja ulikuwa wa majivu.

Majivu.

Alifumba macho. Akakumbuka kila kitu kwa mpigo.

Mwaka mama alipofariki, kilima cha pili kiliungua kabla ya mavuno, moshi ukalala juu ya mizabibu siku nenda siku rudi. Majirani walimwaga zabibu zao. Dada alikataa. Ile mizabibu ya juu, karibu na ukuta wa mawe, mama ndiye aliyeipogoa kwa mkono wake kabla hajaanguka, na zile zilikuwa zabibu zake za mwisho. Wakapata pipa moja. Walipouonja waliangua kicheko wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana ulikuwa kama kulamba jiko. Dada akasema upewe muda. Waliutia kwenye chupa, wakazipanga kwenye rafu ya nyuma kabisa, na dada akachukua kipande cha mkaa akaandika ukutani, kwa herufi kubwa, jina la mtoto wa mwisho wa mama yao.

KITINDA.

Halikuwa jina lake yeye. Lilikuwa jina la mvinyo, uliozaliwa wa mwisho kwa mkono wa mama.

"Huu hauuzwi," dada alisema siku ile akipangusa mkaa kwenye gauni. "Tutaunywa siku utakapoacha hiyo kazi yako ya kuviziana na watu, Babu."

Neno lile, basi, halikutoka kinywani mwa mtu. Kizibo alilisoma ukutani. Kwa Kiswahili chake cha vitabuni aliona linamaanisha mtoto wa mwisho, akajua bibi yule ana mdogo wake, akajumlisha. Mtu aliyekuwa naye hai angeambiwa Babu. Mtu aliyekuwa naye hai angekuwa na mvinyo mpya wa kuleta, asingelazimika kuipekua rafu ya nyuma, kubadilisha vizibo na kubonyeza nta kwa kidole chake mwenyewe. Zile sababu zote alizojitungia tangu ashuke ngazi zilimponyoka.

Na mvinyo ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Yale majivu yalikuwa yamegeuka kitu kingine, joto dogo la mwisho, kama nyumba ambamo mtu amepika halafu akatoka. Dada alikuwa sahihi, ulihitaji muda tu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Machozi yalimtoka. Hakuyazuia.

"Umemtambua," Kizibo alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na huruma.

"Nimemtambua."

"Basi toa neno. Simu hii hapa."

Kaimu alikichukua kizibuo mezani kama mtu anayetaka kitu cha kushika. Akabana kitufe. Akafunga mabawa.

Mara moja.

Na mkono ukagoma hapo.

Maana angeweza kuishia hapo. Mlio mmoja, lori linapita, na kesho asubuhi ataamka akiwa mtu mwenye dada mahali fulani. Angeweza kuendelea kumtafuta hadi astaafu. Nani angemlaumu? Ulimi ni wake, aliyeonja ni yeye. Alikaa na wazo hilo kwa muda wa pumzi moja, na lilikuwa wazo tamu, na alijichukia kwa utamu wake. Halafu akafikiria ndege inayoinua pua, na madirisha yake, na kila aliyekaa dirishani akiwa dada wa mtu.

Akafunga mara ya pili.

"Dada hakuniita Kitinda hata siku moja," alisema. "Aliniita Babu."

Kizibo alikuwa mwepesi, alielewa. Mlinzi ndiye aliyechelewa. Mkono wake ulikuwa bado unaitafuta Beretta chini ya koti pale Kaimu alipoipindua meza kwa goti, na ncha ya kizibuo ikamwingia kwenye kiganja. Bastola ikaanguka. Kaimu akaiokota. Chupa alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, haikumwagika hata tone.

Juu mlango ulipasuka.

"Wote chini! Chini!"

Randa za maseremala zilinyamaza. Redio ya Sikio ilikoroma kwamba lori limezuiwa kwenye mzunguko, dereva ameinua mikono, na chini ya makasha ya juu wamekuta vitu vya chuma vilivyolazwa kwenye maranda ya mbao kama mayai. Vyote vimo. Hakuna kilichovuka.

Kizibo alikalishwa sakafuni, miwani imepinda. Askari walimuuliza habari za wenzake, za pesa, za meli. Kaimu aliwaomba wampishe kidogo.

"Yuko wapi?"

Mgeni yule aliitazama bastola, kisha akamtazama mwenye bastola, na pengine ni macho yaliyomtisha zaidi. Alisema yote. Walikwenda kumchukua dada ili wamtumie baadaye, siku watakapomhitaji Kaimu. Hakukubali kuchukuliwa. Alitupa malapa akakimbia pekupeku kupanda mteremko, na mtu wao akampiga kwa kitako cha bunduki ili kumsimamisha tu. Hakusimama tena. Walimzika huko huko juu, kando ya ukuta wa mawe, kwenye mizabibu ya zamani. Chupa walizichukua kwa kuwa zilionekana za thamani.

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile," Kizibo alisema. "Hatukukusudia."

Kaimu aliiweka Beretta juu ya rafu, taratibu, mbali na mkono wake. Sikio alishusha pumzi.

Simu yake ilirudishwa, na haikupita muda ikalia. Mkuu alimpa pole, pole ya kweli. Kisha, kama watu wengi wasiojua la kufanya mbele ya msiba, alitafuta habari njema ya kumpa. Alisema barua imeshatiwa saini. Kuanzia kesho hatakuwa kaimu tena, kitengo ni chake.

"Ahsante, Mkuu. Lakini nimeshaunywa."

"Umeshakunywa nini?"

"Mvinyo wa siku ya kuacha kazi."

Kaimu alimpa Sikio simu, akampa na kitambulisho, na Glock iliyokuwa imerudishwa mkononi mwake. Kizibuo alikipangusa damu kwa kitambaa cha meza, akakitia mfukoni. Chupa ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Alikitafuta kizibo chake sakafuni, akaifunga, akaikumbatia kwapani.

"Hiyo ni kielelezo cha kesi," Sikio alisema.

"Najua."

Sikio aligeuka, akaanza kuwafokea askari wake kwa kosa ambalo hawakulifanya, na alipomaliza kufoka ngazi zilikuwa tupu.

Nje jua lilikuwa bado kali. Kaimu alipanda pikipiki, akaiweka chupa ndani ya koti, upande wa moyo, akafunga zipu hadi shingoni. Hakukimbiza. Mashapo hayapendi kutikiswa, dada alimfundisha hivyo, na safari ya hadi kwenye ukuta wa mawe ilikuwa ndefu, na alitaka aukute umetulia atakapommiminia.